Kunyoosha au Kukaza: Ugomvi Wetu Juu ya Bega la Maganga

Kabla hujamshika mgonjwa bega, mwangalie anavyovua shati. Wajukuu zangu mnaosomea kazi hii ya viungo, mie mwenzenu nimeifanya mpaka nywele zimekuwa nyeupe zote, na nikiambiwa niwaachie kitu kimoja tu, ni hicho. Msianze kumuuliza anaumwa kiasi gani. Mtu wa Temeke ukimuuliza hivyo atakwambia "kidogo tu, sista" huku machozi yanamlengalenga, au atakwambia anakufa, na wewe juzi ulimwona harusini anacheza. Shati halidanganyi. Anayeuvua mkono mzima kwanza, kisha ule mwingine anauburuta kama mtoto asiyetaka shule, huyo bega lake lina shida ya siku nyingi. Na akiwa mwanamke muulizeni siku hizi nani anamfunga vifungo vya gauni mgongoni. Mtacheka wote wawili, na hapo ndipo matibabu yanapoanza.

Mie ni Mngoni wa Songea. Jina langu Konsolata, lakini Temeke nzima waliniita Sista Konso, na wengine mpaka leo wananiita hivyo nikienda kununua samaki. Nilipangiwa kazi hospitali moja kule miaka ya Ujamaa, nikiwa msichana nimetoka chuo, nimevaa viatu vyeupe vinavyolia nikitembea. Chumba chetu cha mazoezi kilikuwa stoo ya mafagio, na mafagio yenyewe hayakuhamishwa. Basi tukayafanya vifaa vya kazi. Vifaa vya kutoka nje vilikuwa havipatikani, kila kitu kilikuwa foleni, kuanzia sukari mpaka sabuni, sasa nani angetuletea sie mashine za mabega? Tulishona vifuko vya mchanga, tukaomba tyubu kuukuu kwa mafundi baiskeli, na mipini ya mafagio tukaikata ikawa fimbo za mazoezi. Wafagiaji hawakutusamehe kabisa.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Mtawali, Mdigo wa Tanga, mpole, kofia safi kila siku, na leso ya kujifutia jasho haikosi mfukoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hasa. Chuoni nilifundishwa majina ya misuli, yeye akanifundisha watu. Lakini kwenye bega tulikuwa hatuelewani hata kidogo. Bwana Mtawali alikuwa mtu wa kunyoosha. Aliamini bega lililouma mwaka mzima limejikunja kwa woga, kwa hiyo libembelezwe. Anakuinamisha mezani, mkono unaning'inia, unaubembeza polepole mbele na nyuma, halafu mduara mdogo. Kisha unasimama mbele ya ukuta na vidole vinapanda, leo hapa, kesho juu kidogo. Mie nilikuwa mtu wa kukaza. Nilisema bega halina woga, lina udhaifu, lipewe kazi. Vuta tyubu iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, inua kifuko cha mchanga, inua ndoo, rudisha mfupa bapa wa mgongoni mahali pake. Tulibishana kutwa, kwa adabu, yeye akiniita binti yangu na mie nikimwita mkuu, na wagonjwa wakisikiliza utadhani mpira redioni.

Huko kunyoosha kwake kulikuwa na visa vyake. Fundi cherehani mmoja aliambiwa apandishe vidole ukutani kila asubuhi nyumbani kwake. Akafanya, tena kwa bidii. Kumbe mwenye nyumba ametoka kupaka chokaa kwa ajili ya harusi ya bintiye. Baba wa watu akaja hospitali amefura, anamtaka huyo mganga anayefundisha watu kuchafua nyumba. Bwana Mtawali akamkaribisha kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, akamuuliza na mabega yake. Yule bwana akajishika bega, akasema sasa umeuliza, hili la kushoto linanisumbua. Aliondoka na mazoezi, na tulisikia alipanda ukuta uleule pamoja na mpangaji wake.

Sasa, Maganga. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kuli wa bandarini, mrefu, na kicheko cha kutikisa bati. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuliwa haupiti kifua. Zaidi ya mwaka. Alishasuguliwa mafuta ya kila aina, alishachanjwa na kupakwa dawa, na kuna mtu alimwambia alipumzishe bega, basi mkewe akaufunga ule mkono kwa khanga mpaka ukakakamaa. Hilo nyie mlijue, kumwambia mtu apumzike bila kumwambia mpaka lini ni kumfunga. Alikuwa ameondolewa kwenye kubeba, anafagia ghala, na mnyapara wake akamwambia masika yakiisha atampima mwenyewe. Akishindwa kupandisha gunia kwenye lundo, basi, unga umemwagika. Na miaka ile kukaa mjini bila kazi haikuwa mzaha. Ukikutwa unazurura huna kazi unaweza kupandishwa lori ukapelekwa kijijini kulima, na familia yako ikufuate.

Siku ya kwanza nilimwambia, ili kumtuliza, kwamba hata kijijini ni maisha. Akanitazama.

"Sista, kulima sikatai. Baba yangu alilima. Nakataa kurudi Tabora na mkono uliolala, watu waseme mji umenila na kunitema."

Nilimpa kifuko cha mchanga, nikamwonyesha namna ya kukiinua.

Kwa sababu ya Maganga, ugomvi wetu ukawa mkali. Bwana Mtawali anasema huyu umpe uzito utamvunja. Mie nasema huyu ukimbembeza mpaka masika yaishe ataenda bandarini anabembea. Mwisho mkuu akachoka, akasema tusigombane, tuwagawe. Wagonjwa wote wa mabega ya siku nyingi wachote uzi kwenye kikapu bila kutazama. Wenye uzi wa bluu ni wake, wanyooshwe. Wenye uzi mwekundu ni wangu, wakazwe. Masika yakiisha tuone nani ameweza kuteremsha kopo kwenye rafu ya juu. Nilifurahi nikashindwa kula mchana. Nilijiona mtaalamu.

Ah, zile nyuzi. Tuliwafunga kwenye kifundo cha mkono ili tusiwachanganye, na hapo kwanza ilikuwa kazi kuwaaminisha kwamba si hirizi. Mama mmoja alikataa bluu kwa sababu haiendani na khanga zake. Mzee mmoja aliomba zote mbili, moja ya bega na moja ya mkewe mkorofi. Bwana Mtawali alicheka mpaka kofia ikaanguka, na ndiyo mara ya kwanza nikauona upara wake.

Maganga akachota nyekundu. Nyuma yake kwenye benchi alikuwa Bi. Mwanaidi, jirani yake, wanapanga nyumba moja, muuza chapati, bega limemchoka kwa kukanda unga. Yeye akachota bluu. Bi. Mwanaidi alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hilo mnalijua. Mtani anakusema mchana kweupe mbele ya mkeo na huna ruhusa ya kununa. Basi hawa wawili wakikaa benchi moja, hospitali nzima haifanyi kazi. Alimwambia Maganga kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani kwa miguu, na yeye anashindwa kubeba mkono wake mwenyewe. Maganga akajibu kwamba walizibeba ili Wazaramo wapate kitu cha kutazama, maana walikuwa wamekaa tu. Nilikuwa naenda kucheka nyuma ya mafagio, kisha narudi na uso wa kazi.

Wiki zikaenda na mambo yakaanza kunishangaza. Wagonjwa wangu walikuwa wanapata nguvu, sawa, nilitegemea. Lakini walikuwa pia wanalainika, mikono inabembea vizuri, na mie sikuwafundisha kubembeza. Nikamwona mwekundu wangu mmoja anainama na kuning'iniza mkono bila kuambiwa, kama mtu anayejua anachofanya. Nikasema moyoni, mkuu ananizunguka, anawafundisha watu wangu nikienda kunywa chai. Kumbe yeye naye anaona wabluu wake wanaota misuli, na anajisemea binti huyu ananiibia wagonjwa. Tukaanza kuviziana. Mie nachungulia dirishani kwake, yeye anapita mlangoni kwangu anajifanya anatafuta leso. Watu wazima, wana vyeti. Hatukusalimiana vizuri karibu wiki.

Halafu Maganga hakuja. Siku yake ikapita, na nyingine. Masika yalikuwa yanaisha, mvua inakatikakatika, na siku ya mnyapara imeshatajwa. Nilipiga moyo konde nikamwambia mkuu naenda kwake. Akavaa viatu akasema tunakwenda wote, na nilijua hakuniamini kwenda peke yangu.

Ile nyumba ilikuwa na korido katikati na vyumba huku na huku, kama nyumba zote za mtaa ule. Tulipiga hodi, tukaitikiwa kutoka uani, tukapita. Bwana mie, nilichokiona uani mpaka leo kinanichekesha. Walikuwa wamejipanga safu mbili, wekundu na wabluu wamechanganyika, na watu wasioumwa kabisa, na mama mwenye nyumba, na fundi cherehani wetu wa chokaa. Tyubu ya baiskeli imefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Ndoo zimepangwa. Wanawake wawili wanatwanga kinuni, na kwa mapigo ya mchi safu nzima inabembeza mikono, halafu inainuka, halafu inavuta. Bi. Mwanaidi yuko mbele, mkono kiunoni, anamtaja kila mtu kwa kabila lake na kwa udhaifu wake. Hakuna aliyethubutu kulegea.

Tulisimama mlangoni, mie na mkuu, tumeduwaa. Yule muuza chapati alipotuona hakustuka. Bwana Mtawali akamuuliza, kwa ule upole wake, kama hatukuwaambia kila mtu afanye mazoezi ya uzi wake.

"Mlituambia," akasema. "Lakini hapa mtu akipika mchicha anagawa. Sasa Maganga apewe mazoezi mazuri, mie nipewe mengine, tukae ukuta mmoja kila mtu anaficha yake? Mtatufanya tugombane."

Basi jaribio letu lote likafa palepale. Kila jioni, tangu wiki ya kwanza, nyekundu na bluu zilikuwa zinapikwa chungu kimoja. Nikamtazama mkuu, mkuu akanitazama, na tukaanza kucheka, wote wawili kwa pamoja, mpaka nikakaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilikuwa nimemwazia mabaya mtu mwema vile, na yeye ananiazia mie, na kumbe mwizi ni ujirani.

Lakini Maganga hakuwa kwenye safu. Nilipouliza, Bi. Mwanaidi akatazama chini, na mie nilikuwa sijawahi kumwona ametazama chini. Maganga alikuwa chumbani. Siku chache kabla, kwa kuharakisha, wakampa ndoo iliyojaa. Mie nilisema nusu ndoo, maneno yakapita vinywa vingi, nusu ikapotea njiani. Na Bi. Mwanaidi alimsema sana siku ile, alimwambia mwanamume mzima anaogopa maji, basi akainua kwa hasira. Bega likawaka moto. Sasa mkewe alikuwa ameshaitoa khanga sandukuni, amemfunga tena, na Maganga amelala anatazama ukutani. Hakutaka hata kutusalimia. Aliniambia bila kugeuka kwamba mnyapara amsamehe tu, yeye anaanza kufunga mizigo.

Nilitaka kulia. Nilifikiri ni mie, ndoo yangu, kukaza kwangu. Bwana Mtawali alinisogeza pembeni taratibu, akakaa kitandani, akaifungua ile khanga mwenyewe, akaikunja vizuri, akamrudishia mke wa Maganga mkononi.

"Hili halikuvunjika," akamwambia. "Limekasirika. Mtu akikasirika humfungii ndani. Unampunguzia."

Tuliendelea na Maganga nyumbani kwake kila jioni. Na sasa hakukuwa na bluu wala nyekundu. Mkuu anaanza, anaubembeza mkono mpaka uso wa Maganga unalegea. Mie nafuata, na ndoo yenye kikombe kimoja cha maji. Kesho vikombe viwili. Maganga alidharau, akasema hata mwanawe anabeba zaidi, na mtoto akaleta ndoo yake kuthibitisha. Tuliwafundisha wote uani sheria ambayo nawapa na nyie leo. Mazoezi yakiuma kidogo na kesho asubuhi maumivu yamekwisha, endelea. Ukiamka bado yapo, jana ulizidisha, punguza, usiache. Na Bi. Mwanaidi alipewa kazi mpya, kumsema Maganga akizidisha badala ya akilegea. Aliifanya kwa moyo wote, akimwambia Wanyamwezi wana pupa, ndiyo maana walifika baharini wakataka kuinywa.

Nyie mna vipimo vizuri siku hizi, na mkitaka kulinganisha njia mtazilinganisha kwa akili kuliko sie tuliolinganisha kwa uzi. Someni, bishaneni, ni kazi tamu. Mie kwa miaka yangu yote nimeona bega likipona kwa kunyooshwa, na nimeona likipona kwa kukazwa. Sijaona hata moja likipona kwa mtu anayefanya mazoezi siku ya kliniki tu, peke yake, hana wa kumuuliza leo umefanya. Kwa hiyo mgonjwa akija, baada ya shati, muulizeni anakaa na nani. Na kama ana mtani, mwambieni amlete.

Siku ya mnyapara tulikwenda wengi. Mkewe alikataa, alisema roho haitamkaa, atasubiri nyumbani. Sie tukashika waya wa uzio wa bandari, wagonjwa na nyuzi zao mikononi, vicheko vimetukauka. Ghala lilikuwa karibu na lango, tuliona kila kitu. Mnyapara alikuwa mfupi, ana filimbi shingoni, akamwonyesha gunia na mwenzake wa kushirikiana naye. Wakainama. Nilishika mkono wa mtu, nikaja kuona ni wa Bwana Mtawali, na yeye alikuwa anasoma dua. Gunia likatoka chini, likafika kifuani, likasita. Bi. Mwanaidi akauvuta waya kama anayelipandisha yeye. Likapanda. Likakaa juu ya lundo.

Mnyapara hakuridhika. Akamtaka ainue mkono mtupu, peke yake, aone kama hakumtegea mwenzake. Maganga akainua. Mkono ukapita kifua, ukapita sikio, ukanyooka mpaka ncha za vidole. Mnyapara akauzunguka akiutazama, akasema Jumatatu arudi kwenye gengi lake, haya, ashushe.

Hakushusha. Akatoka langoni mkono uko juu, akaanza kutembea kuelekea Temeke, na sie nyuma yake tunacheka na kulia. Basi likasimama likidhani anapunga, kondakta akatukana likaondoka. Mtu wa baiskeli akampungia naye. Mkuu ananiuliza masikioni huo mkono sasa ni wa kunyoosha au wa kukaza, nami nikamwambia anyamaze. Nikamkimbilia Maganga, nikamwambia ashushe, misuli inachoka, kesho atakuja kunililia.

"Umelala mwaka mzima, sista," akasema, bila kusimama. "Niache nifike nao nyumbani, mke wangu auone ukiwa juu."

Tulipofika Keko, bado tuko njiani, mkono ulianza kutetemeka. Mie nilijua utashuka, mkuu alijua, na Maganga alijua, jasho linamtiririka. Bi. Mwanaidi akapenya katikati yetu, akaenda upande wake, akaweka kiganja chini ya kile kiwiko kwa mkono wake uleule uliokuwa haukandi unga, akausukuma juu. Hakumwambia neno lolote baya. Wakaenda hivyo, wawili, mpaka mlangoni kwa mkewe.